Nondo za Kahama si zangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliandika humu kwamba watu wanaodai majina yao yametumika kufungulia biashara wasizozijua ni wajanja tu: walikubali, wakapewa chao, na sasa kodi imebisha hodi wanaruka kimanga. Barua ile niliisoma nimekaa kwenye cherehani. Nikaikunja mara nne nikaisokomeza chini ya mguu wa meza yangu ya kukatia, ule unaotikisika. Siku ya tatu nikaitoa. Nimeona nimjibu, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyoniumiza mimi.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Mikindani, mwendo wa daladala kutoka Mtwara mjini. Nina vyerehani vitatu vya kukanyaga, kimoja cha ovaloki cha umeme, na wasichana wawili. Nashona sare za shule, madera, kanzu za watoto, na mapazia mtu akitaka. Jina langu la kwanza ni Riziki. Msomaji alishike hilo jina, tutalihitaji mbele.

Mambo ya kodi kwa miaka mingi sikuyajua na wala sikuyatafuta. Vilipotoka vile vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 mwishoni mwa 2018, vya wale ambao mauzo yao hayazidi milioni nne kwa mwaka, nilichukua changu nikakivaa shingoni hata siku ambazo hakuna aliyeniuliza. Mwaka uliofuata nikanunua pikipiki ili mwanangu wa kwanza apige bodaboda. Kuisajili kwa jina langu kulitaka TIN, namba ya mlipakodi, basi nikachukua TIN, ile isiyo ya biashara. Karatasi yake nikaiweka kwenye bati la biskuti, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vifungo vya akiba. Ikalala humo.

Mwaka huu nikadokezwa kwamba kuna shule inatafuta fundi wa kushona sare zake zote. Suruali, sketi, mashati, sweta wangechukua kwingine. Kwangu hiyo ni kazi ya miezi minne bila kulala njaa. Masharti yao: leseni ya biashara, TIN ya biashara, na hati ya kutodaiwa kodi. Nikasema vizuri, umri wenyewe umefika wa kuacha kujificha nyuma ya mapazia yangu mwenyewe. Nilikaa na daftari nikajumlisha, nikaona mauzo yangu kwa mwaka ni kama milioni tisa. Mtu wa kati ya milioni 7 na milioni 11 asiye na vitabu vya hesabu anakadiriwa kodi ya shilingi 250,000 kwa mwaka, unaigawa mara nne: 62,500 kufikia mwisho wa Machi, kisha Juni, Septemba na Desemba. Hiyo naiweza. Madera matatu tu, nguo na ushonaji, fedha hiyo imepatikana.

Machi ilikuwa Ramadhani. Kila fundi wa Mikindani anajua maana yake: nguo za Idd zimerundikana hadi mlangoni, kila mwenye dera lake anapita kuuliza, na tarehe ya mwisho ya makadirio inaangukia siku zilezile. Nikaiba saa moja, nikaenda kwa kijana wa steshenari anijazie kwenye mtandao. Akagonga gonga, akanyamaza, akarudia. Makadirio yakakataliwa. Akajaribu kuomba namba mpya ya siri ili aingie kwenye akaunti yangu ya kodi, mtambo ukamjibu kwamba ujumbe umetumwa kwenye simu inayoishia na 41.

"Mama, hii simu yako haijalia?"

Simu yangu inaishia na 08.

Akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Akasema labda mtandao unasumbua, nende ofisini kwenyewe kwa watu wa kodi.

Ofisini nilifika saa tatu asubuhi nikahudumiwa saa saba, na mfungo wangu. Silaumu, tarehe zile watu wanakuwa wengi. Bwana aliyenihudumia alikuwa na adabu. Aliandika namba yangu, akasoma, akaniuliza:

"Mama, hili duka la vifaa vya ujenzi la Kahama vipi, mbona mwaka 2024 hukuleta ritani, taarifa yako ya mapato?"

Nilicheka. Nilidhani anamsemesha mtu wa nyuma yangu.

Akageuza kioo cha kompyuta nione. Namba yangu, jina langu, biashara ya saruji, mabati na nondo, Kahama, mkoa wa Shinyanga. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, imechukuliwa kwa namba hiyo. Mauzo ya mwaka 2023, shilingi milioni 164. Ritani ya mwaka huo ililetwa, kodi haikulipwa, kisha kimya. Kodi inayodaiwa ni shilingi 6,390,000, bado riba na adhabu. Na kwa kuwa mauzo yamepita milioni 100, makadirio ya watu wadogo hayanihusu tena. Mimi ni mfanyabiashara wa kutunza vitabu na kuandaa hesabu kamili. Ndiyo maana karatasi yangu ya 250,000 ilitupwa nje.

Mhariri, mimi mwisho wangu wa dunia ni Dar es Salaam, nako nimefika mara nne, tatu kati ya hizo kwa misiba. Nondo nimeziona zikipita barabarani kwenye malori. Nikamwambia yule bwana, mwanangu, hili duka si langu, kuna mtu ametumia jina langu. Akashusha pumzi kama mtu anayeusikia wimbo kwa mara ya mia.

"Mama, wote wanasema hivyo."

Hapo ndipo ninapotaka huyu msomaji mwenzangu anisikilize. Yule bwana hakunitukana. Alisema anachokiona kila siku. Wapo watu wanaokodisha TIN zao. Nimewasikia kwa masikio yangu kwenye bajaji, kijana akimwambia mwenzake kwamba namba yake iko kazini kwa tajiri na kila mwezi anatumiwa chochote. Tajiri anagawanya mauzo yake kwenye majina matano ya watu wengine ili kila jina lionekane dogo. Likinuka, mwenye jina anakuja dirishani na machozi. Kwa hiyo aliyeibiwa na aliyekodisha wanapanga foleni moja, wanasema maneno mamoja, na afisa hana kipimo cha kuwatenganisha.

Na sisi watu wa kusini tusijifanye hatulijui hili. Ngoja niseme la kwangu, kwa sababu siwezi kudai haki nikiwa nimeficha nusu. Msimu wa korosho wa 2018 shemeji yangu alikuwa ananunua kangomba, yaani korosho za magendo nje ya ushirika, vijijini, bakuli kwa bakuli, kwa watu wenye shida ya ada na chumvi. Kangomba ni haramu, kila mtu anajua, na kila mtu anamjua anayenunua. Mzigo wake asingeweza kuupeleka wote chama cha msingi cha wakulima kwa jina lake, shamba lake linajulikana ukubwa. Akaja kwangu. Mimi nina mikorosho kumi na tisa Nanyamba, urithi wa baba. Akapima kilo zake kwa jina langu, kilo 840. Nilipewa shilingi elfu thelathini na kilo mbili za nyama.

Mwaka huohuo serikali ikasema itanunua korosho yenyewe, shilingi 3,300 kwa kilo, lakini kwanza uhakiki: aliyepima aonyeshe shamba. Wakaja kunihoji. Shamba liko wapi, mikorosho mingapi, umevuna ngapi? Mikorosho kumi na tisa kutoa kilo 840, hata mtoto wa darasa la pili ataguna. Nilisema Mungu alinijalia. Mhakiki aliandika kitu kwenye daftari lake bila kuniangalia usoni, na ile aibu ninayo mpaka leo. Shemeji fedha zake alizipata kwa taabu, sijui alifanyaje, sikuuliza tena.

Kwa hiyo najua jina la mtu linavyoazimwa huku kwetu, kama gunia, linarudi likiwa na vumbi la mzigo wa mwingine. Lakini lile la korosho niliazima mwenyewe, kwa mdomo wangu, na nyama nikala. Hili la Kahama sikuliazima. Ni vitu viwili. Nilipokuwa nimekaa mbele ya yule bwana na midomo imekauka kwa saumu, nilitamani kuwe na mahali kwenye ile kompyuta pa kubonyeza kuonyesha kwamba ni vitu viwili. Hapakuwepo.

Nilichoambiwa ni hivi: kama hukubali deni, andika pingamizi. Nikatafuta msaidizi wa kisheria wa kata yetu anieleweshe, dada mmoja mvumilivu sana, akanisomea. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa anayepinga siku 30 tangu apate taarifa ya kodi anayodaiwa. Na pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa, au ile sehemu usiyoibishia, iliyo kubwa kati ya hizo. Theluthi ya 6,390,000 ni 2,130,000. Nilipe milioni mbili na laki moja na thelathini elfu ili nipate nafasi ya kusema kwamba sijawahi kuuza nondo. Sheria hiyohiyo inamruhusu Kamishna kupunguza au kusamehe malipo hayo akiona sababu nzuri, ukiomba. Nimeomba. Lakini mwenye kujua kwamba inaombwa ni nani? Dirishani hakuna aliyeniambia, nimeambiwa na dada wa kata.

Na zile siku 30? Zilishapita. Taarifa ya deni ilitumwa mwaka jana kwenye ile simu inayoishia na 41 na kwenye barua pepe ambayo mimi sinayo. Yaani mwizi ndiye aliyepelekewa taarifa kwamba ameniibia, akapewa na mwezi mzima wa kutafakari.

Mwezi wa tano nilirudi mara ya tano. Safari hii nilimkuta binti mdogo, pengine mgeni kazini. "Shikamoo mama." Marahaba mwanangu. Nikamwambia sitaki kulia wala kubishana, nataka kitu kimoja: nionyeshe karatasi alizoleta huyo aliyefungua duka, kwa sababu huwezi kupewa TIN ya biashara mikono mitupu. Kwangu mimi walidai barua ya serikali ya mtaa na mkataba wa pango. Basi na yeye alileta.

Alifikiri kidogo, akainuka kumuuliza mkubwa wake, akarudi. Akafungua.

Mkataba wa pango ulikuwa wa ukurasa mmoja. Mstari wa pili umeandikwa hivi: mpangaji ni Bw. Riziki, kisha jina la baba yangu na la babu yangu, sawasawa kabisa. Bwana! Huyo mwizi alikuwa na namba yangu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, tarehe yangu ya kuzaliwa, majina yangu matatu, lakini yeye na mwenye nyumba wake walipokaa kuandika mkataba walisahau kwamba Riziki ni mwanamke. Riziki ni jina la wote, kuna Riziki wa kiume wawili mtaani kwangu. Yule binti akafunika mdomo kwa kiganja.

Chini kulikuwa na sahihi. Mimi sahihi yangu ni jina lenyewe, Riziki, herufi moja moja kama nilivyofundishwa darasa la tatu, na kidoti cha kila i kinaonekana. Ile ilikuwa imepindwapindwa kama mkia wa ng'ombe mwenye inzi, sahihi ya mtu anayesaini kila siku. Fundi anautambua mshono wake hata uchanganywe na mia, ule haukuwa mkono wangu.

Halafu ikaja nakala ya kitambulisho. Hiyo ni yangu, sikatai. Nikaomba aikuze. Kadi yangu ya NIDA kona ya chini kulia haipo. Mjukuu wangu aliitafuna mwaka 2021 alipokuwa anaota meno, nilikuta ameilowanisha na kipande kimoja kimeshakwenda tumboni. Nikaitoa kwenye kanga nikamwekea mezani. Kadi haina kona. Nakala ya Kahama ina kona zote nne.

"Kwa hiyo hii nakala ilitolewa kabla ya 2021," binti akasema, taratibu, kama anayesoma.

Na biashara imefunguliwa 2022. Alipiga picha kadi yangu pande zote mbili, akaandika karibu nusu ukurasa. Kwa miezi miwili, huyo alikuwa mtu wa kwanza kuandika nilichosema.

Nimeketi mara nyingi nikijiuliza nakala ilitokea wapi. Huenda ni 2019 wakati wa pikipiki, karatasi zangu zilipita mikononi mwa watu watatu wa "nipe nikusaidie mama". Huenda ni ule usajili wa laini kwa alama za vidole. Mnakumbuka zile siku, mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019 ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na watu wote tukakimbilia kwenye miavuli ya sokoni jua linachoma. Kijana wangu wa mwavuli aliniambia niweke dole tena, mtandao unasumbua. Nikaweka. Weka tena, mama. Mara nne. Mimi nilimhurumia na mtandao wake mbovu.

Mwaka huu ndipo nilipopiga *106# kwa mara ya kwanza, ile ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nina laini mbili maishani mwangu. Zilitokea tano. Mojawapo inaishia na 41. Naomba msomaji aweke gazeti chini apige sasa hivi, ni bure, na kama una laini za mitandao miwili piga kwenye kila mmoja. Jirani yangu muuza pweza amepiga akakuta tatu asizozijua, amekaa kimya tangu jana.

Polisi nilikwenda, nikapewa RB, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni. Niliulizwa kosa limetendeka wapi. Nikasema Kahama. Wakasema basi jalada ni la Kahama. Nikasema lakini aliyeibiwa yuko hapa. Tulizunguka hapo kwa muda, na kwa hili sitaandika zaidi, maana askari mwenyewe mwishowe alinionea huruma akanipa namba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta ni kosa humo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake, kuna Msuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, hivyo vyote dada wa kata alinitajia. Vipo. Mimi tatizo langu ni mlango wa kwanza, pale dirishani, ambapo mtu anaingia na neno "nimeibiwa jina" na hakuna kisanduku cha kuliweka.

Mtoto wa marehemu dada yangu yuko Marekani, Minnesota, anatunza wazee. Nilipomsimulia kwenye simu alicheka mpaka akakohoa, akasema mama mdogo, karibu chamani. Mwaka juzi ritani yake aliituma kwa mtandao ikarudishwa saa ileile: namba yake ya hifadhi ya jamii, ambayo kule ndiyo TIN ya mtu, imeshatumika mwaka huo. Kule wezi wanatafuta marejesho ya kodi, wanawahi kujaza ritani ya uongo kwa namba yako kabla wewe hujaamka, hela ikarudi kwao. Yeye akachapa ritani yake kwenye karatasi, akaambatanisha fomu iitwayo 14039, ambayo kazi yake ni hiyo moja tu, kuapa kwamba mtu ametumia jina lako, akapeleka posta. Yalipokwisha akawa anapewa namba ya siri ya tarakimu sita, mpya kila mwaka. Bila namba hiyo, hakuna ritani ya mtandao itakayopita kwa jina lake. Na kumbe hata ambaye hajaibiwa anaweza kuiomba mapema.

Sisemi Marekani ni peponi. Mtetezi wa walipakodi aliye ndani ya mamlaka ya kodi ya hukohuko alieleza mwaka 2024 kwamba kesi hizi zilikuwa zinachukua kama miezi 22 kumalizika. Miezi 22! Mtoto anazaliwa, anaota meno, anatafuna kitambulisho. Lakini fomu ipo. Mtu akifika na fomu hiyo hajafika kama mbishi wa kodi. Amefika kama mwenye kuripoti wizi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaohusika, wakisoma gazeti hili, si kubwa. Wawe na karatasi yao ya hivyo. Mtu akiijaza na kuapa mbele ya hakimu na kuleta RB, deni lisimame pale pale bila theluthi, na ofisi ifungue jalada la aliyesajili: nani alichukua mashine ya EFD, mwenye nyumba alipokea kodi ya pango kutoka kwa nani, laini ya simu ilinunuliwa kwenye mwavuli upi. Hayo maswali yana majibu, na yako kwenye makabati yao. Mimi nikiulizwa nithibitishe kwamba sikuwepo Kahama, nitaleta nini? Wateja wa madera? Nao wakikuta aliyejaza fomu ni mkodishaji aliyekula nyama kama mimi na shemeji, wampeleke mahakamani kwa kuapa uongo, sitamtetea. Hapo ndipo aliyeibiwa na aliyekodisha watatengana, na yule bwana wa kwanza hatalazimika kushusha pumzi.

Na kabla TIN ya mtu wa Mtwara haijageuzwa kuwa duka la Kahama, atumiwe ujumbe kwenye namba yake ya zamani: je, ni wewe? Mimi nikitoa hata elfu tano kwenye simu naulizwa namba ya siri. Kufunguliwa duka la milioni 164 sikuulizwa.

Hali yangu mpaka ninapoandika: jalada limetumwa Kahama, deni limewekewa alama kwamba linachunguzwa, lakini bado linaonekana. Kwa kuwa linaonekana, hati ya kutodaiwa sipewi. Kwa kuwa sina hati, zile sare amepewa fundi mwingine wa mjini. Simlaumu, anashona vizuri, ila kola zake namjua, hawezi. Na makadirio yangu bado hayapokelewi, kwa hiyo hata nikitaka kulipa kodi yangu halali siwezi kupata namba ya malipo.

Fedha yenyewe naitenga. Machi niliweka 62,500, Juni 62,500. Ziko kwenye bati la biskuti, juu ya ile karatasi ya TIN, na mwisho wa mwezi huu naongeza nyingine.

Wako,
Fundi Riziki,
Mikindani, Mtwara

(Jina langu kamili analo Mhariri. Nimemwomba asilichapishe, limeshatumika vya kutosha.)